Nomino ya Kiingereza ina mkia wake

Skuli zetu za Unguja na Pemba zimezowea kutukaririsha orodha mbili za vitenzi vya Kiingereza, moja ya vile vinavofuatwa na "to" kama "want", "hope" na "decide", na ya pili ya vile vinavotaka "-ing" kama "enjoy", "avoid" na "finish", na mtoto akishazihifadhi anahesabiwa sehemu hiyo keshaimaliza. Sawa, orodha zina faida yake, sizikatai. Lakini nomino je? Mtu akitoka skuli, Kiingereza anachokutana nacho kwenye barua, mikataba, matangazo ya kazi na ripoti za ofisini kimejaa nomino, huko hawaandiki tena "we decided" wanaandika "the decision to", hawasemi "if you don't pay" wanasema "failure to pay", na hapo ndo wengi wetu tunapokwama maana hakuna alietwambia kwamba nomino nayo ina mkia wake kama kitenzi, yaani kile kineno au umbo la kitenzi linalotakiwa kuifuata, na mkia huo msemaji hauchagui, umeshachaguliwa zamani.

Vijana wa mtaani huniletea barua zao za kuomba kazi nizipitie kabla hawajazipeleka, nyingi za mahotelini kule Nungwi, Kiwengwa na Paje. Ni vijana wanaojua kusema, wengine wana Kiingereza na Kitaliano cha kumaliza siku nzima na mgeni bila ya kukwama. Lakini kwenye karatasi sentensi zinarudi zile zile: "I have the ability of speaking English", "my decision of applying for this job", halafu mstari wa chini yake "I have experience to work as a waiter", "I have interest to work with your company". Tizama vizuri hapo. Pale panapotaka "to" kaweka "of", na pale pasipotaka "to" kaweka "to". Mtu anaweza kusema basi huyu anabahatisha tu. Mie nasema habahatishi, anaandika kwa mantiki kabisa isipokuwa mantiki yenyewe ni ya Kiswahili, na hakuna aliewahi kukaa nae akamuonesha lugha mbili hizi zinaachana wapi.

Kwetu sisi kiungo ni kimoja. Uwezo wa kusema, uamuzi wa kuomba, uzoefu wa kufanya kazi, hamu ya kujifunza, hatari ya kuzama, tabia ya kuchelewa, haki ya kupiga kura, gharama ya kujenga. Unaweka nomino, unaweka ile -a ya uhusiano kwa ngeli yake, unaweka kitenzi na KU yake mbele, umemaliza, na utaratibu huu haukuangushi hata mara moja. Na unafanya kazi kwa sababu moja nzuri sana, kwamba kitenzi chetu chenye KU ni nomino kamili, kina ngeli yake, kinamilikiwa na kinapatanishwa. Tunasema "kusoma kwake kumemsaidia", tunasema "kucheka kwingi". Kwa hiyo "haki ya kusoma" kwa Kiswahili haina tofauti ya umbo na "haki ya mtoto", zote ni nomino mbili zimeunganishwa.

Kiingereza hakiko hivo. "Of" ni kihusishi, yaani kineno cha kuunganisha kama "in", "on" na "with", na kihusishi cha Kiingereza baada yake kinataka nomino, na "to speak" haihesabiki kuwa nomino ya kukaa hapo, hakuna Muingereza atakaesema "of to speak". Akitaka kutumia "of" lazma ageuze kitenzi kiwe "speaking". Akitaka kutumia "to speak" lazma "of" iondoke. Ndio ikawa njia mbili pale ambapo sisi tuna moja, na nomino ndiyo inayoamua ipi ifuatwe. "Ability" imeamua "to speak". "Habit" imeamua "of speaking". Sasa mtoto wa Makunduchi au wa Wete atalijuaje hilo ikiwa kichwani mwake uwezo wa na tabia ya vimekaa safu moja?

Hiyo "to" yenyewe ukiijua asili yake inasaidia. Katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya mwaka 1100 hivi, "to" hii ilikuwa kihusishi tu kama vyengine, maana yake ni kuelekea, na kitenzi kilichoifuata kilivaa mwisho maalumu wa kuonesha kwamba kimetanguliwa na kihusishi, kwa mfano "to singenne", yaani kuelekea kwenye kuimba. Karne zikapita, ule mwisho ukalika ukapotea, "to" ikabaki imeganda mbele ya kitenzi kama tunavoiona sasa. Lakini ile harufu ya kuelekea haijatoka yote. Chukua nomino zinazopenda "to": "decision", "plan", "promise", "attempt", "permission", "offer", "refusal", "desire", "need", "right", "ability", "opportunity". Zote zinatizama mbele, kitendo bado hakijafanywa, kuna mtu kasimama upande huu na kitendo kiko upande ule. Kaamua kwenda, kaahidi kulipa, karuhusiwa kuingia, amekataa kusaini.

Kwa hiyo mie nikikaa na kijana nampa suala la kwanza hili: hapa kuna utashi wa mtu, au uwezo wake, au ruhusa aliopewa, kuhusu jambo la kufanya? Kama lipo, jaribu "to" kwanza. Na kama nomino inataja hali au tukio tu, bila ya kuonesha mtu anaelikusudia, mara nyingi itakuwa "of" na "-ing". Hatari ya kuugua, "the risk of falling ill", hakuna aliekusudia kuugua. Tabia ya kuchelewa, "the habit of coming late". Gharama ya kujenga, "the cost of building". Kumbukumbu ya kumuona, "the memory of seeing him", hapo tena jambo limeshapita kabisa. Na "experience" iko upande huo huo, maana uzoefu ni wa kazi ulizokwisha kuzifanya, ndo maana "experience to work" inamkwaza msomaji, anaona mtu anasema uzoefu wa jambo ambalo bado halijatokea. Sema "experience of working" au "experience in working", au kama barua nyingi nzuri zinavoandika, "experience as a waiter", ukakipumzisha kitenzi kabisa.

Suala la pili ni la ukoo. Nomino nyingi za namna hii zimezaliwa na kitenzi au kivumishi, na mara nyingi hurithi mkia wa mzazi. "Decide to" kazaa "decision to", "refuse to" kazaa "refusal to", "fail to" kazaa "failure to", "tend to" kazaa "tendency to", "able to" kazaa "ability to", "willing to" kazaa "willingness to". Kijana alieshika orodha ya vitenzi tayari anazo nomino hizi bila ya kujua, kazi ya mwalimu ni kumwambia tu. Lakini msiulalie urithi huu, kwa sababu watoto wengine wamekataa urithi. "Hope to" ni sawa, ila nomino "hope" kwa kawaida inasema "hope of finding". "Possible to" ni sawa ila "possibility" inataka "of". "Likely to" na "likelihood of" hivo hivo. "Interested" tunaikuta na "in", na nomino yake "interest" imechukua "in" hiyo hiyo, "interest in working", na hapo utashi wa mtu upo wazi kabisa lakini "to" haikuingia. Hizi ni za kushika moja moja, hakuna ujanja.

"Possibility" lakini ina sababu yake ukiifikiria, na sababu yenyewe Kiswahili ndicho kinachoieleza vizuri. Neno "chance" linakubali mikia yote miwili, "a chance to win" na "a chance of winning", na kwenye kamusi utakuta ni neno moja tu. Wewe Mswahili huna haja ya kuumiza kichwa kwa sababu kwetu haya ni maneno mawili tofauti. Ukiwa unataka kusema nafasi, yaani mtu kafunguliwa mlango akatende, ni "to": timu yetu imepata nafasi ya kucheza, "a chance to play". Ukiwa unataka kusema uwezekano, yaani unakadiria tu kama jambo litatokea, ni "of": uwezekano wa kushinda ni mdogo, "a small chance of winning". Uwezekano hauna mtu ndani yake. Na mvua nayo, "a chance of rain", wala huwezi kusema mvua imepewa nafasi ya kunyesha. Hapa Kiswahili kinaona wazi kitu ambacho Kiingereza kimekifunika ndani ya neno moja, na mwalimu anaekataza Kiswahili darasani anawanyima watoto taa hii.

Kinyume chake kipo kwenye sababu. Sisi "sababu ya kuondoka" tunaitumia kote, Kiingereza kinagawa. "A reason to leave" ni jambo la kumfanya mtu aondoke, pengine bado yupo, anatafuta kwa nini aondoke. "The reason for leaving" ni maelezo ya kuondoka kwenyewe, na mara nyingi kumeshatokea. Fomu za kazi zina kisanduku kile "Reason for leaving" wanapouliza kazi yako ya zamani, wanataka ujaze jambo lililokwisha kutokea, mkataba ulikwisha, hoteli ilifungwa msimu wa masika, na kadhalika. Tofauti ya kijineno kimoja lakini suala zima limebadilika.

Uhuru nao uutizame. "Freedom of speech" na "freedom to speak", nomino ile ile, ikija nomino mwengine nyuma inachukua "of", kikija kitenzi inachukua "to". Sisi ni uhuru wa maoni, uhuru wa kusema, tofauti haionekani.

Sasa kuna aina ya pili ya "to" baada ya nomino na hii khasa ndio ninayoipenda, maana hapa Kiswahili chetu kina hazina ambayo walimu wetu hawaitumii aslan. Nakusudia pale "to" inapoeleza kitu ni cha kufanyia nini. "Water to drink", maji ya kunywa. "A letter to write", barua ya kuandika. "Something to eat", kitu cha kula. Hapa ni rahisi, kinachonywewa ni maji yenyewe, kinachoandikwa ni barua yenyewe. Lakini mwambie mtu akuandikie kwa Kiingereza kikombe cha kunywea, karatasi ya kuandikia, mkeka wa kukalia, kisu cha kukatia, uone atakachoandika: "a cup to drink", "a paper to write", "a mat to sit", "a knife to cut". Zote zina kasoro moja, mwisho wake umekatika.

Ingia jikoni kwa mama yako ukasikilize anavosema. Maji ya kunywa, kikombe cha kunywea. Samaki wa kupika, sufuria ya kupikia, mafuta ya kupikia. Nyama ya kukata, kisu cha kukatia. Hakosei, hata mtoto wa miaka mitano hakosei, hakuna anaesema "kikombe cha kunywa" akimaanisha kikombe cha chai. Ile kauli ya kutendea, ile -ia na -ea, imekuja kutwambia kwamba kikombe sicho kinachonywewa, kikombe ni chombo tu, kuna uhusiano mwengine baina yake na kitendo. Kiingereza uhusiano huo huo hakiuweki ndani ya kitenzi, kinauweka mwishoni kwa kihusishi: "a cup to drink from", "a pot to cook in", "oil to cook with", "a knife to cut with", "paper to write on", "a mat to sit on". Kwa hiyo kanuni ni nyepesi mno, ukiona kwa Kiswahili unaiweka -ia, basi kwa Kiingereza kihusishi kinakusubiri mwisho wa kifungu, usikiache. Na ukiona unaweka "nae", kama "mtu wa kuzungumza nae" au "rafiki wa kwenda nae", hiyo "nae" ndio ile "to" na "with" ya mwisho, "someone to talk to", "a friend to go with".

Kilichobaki ni kuchagua kihusishi gani, maana -ia yetu ni moja na vyao ni vingi. Jiulize kitu kile kinatumikaje: ikiwa ni chombo cha mkononi ni "with", ikiwa unakaa juu yake ni "on", ikiwa kitendo kinafanyika ndani yake ni "in", ikiwa unatoa kitu kutoka humo ni "from". Kisha angalia pale ambapo Kiswahili chenyewe kinanyamaza. Sisi tunasema "nyumba ya kukaa", -ia haipo, Kiingereza kinataka "a house to live in" na ile "in" hapo ni lazma. Lakini "place", "time" na "way" zina ruhusa yake, "a place to sleep", "time to go", "a way to cook it", hazihitaji kuongezwa kitu nyuma.

Na pahala pengine lugha mbili hizi zinakwenda sambamba hata raha. Mtu wa kwanza kufika, "the first person to arrive". Wa mwisho kutoka, "the last to leave". Tizama, hata sisi hapa hatuweki -a baina ya "kwanza" na kitendo, hatusemi wa kwanza wa kufika. Abdulrazak Gurnah aliezaliwa hapa Zanzibar 1948 alipopata Nobel ya fasihi 2021, mtu yeyote wa hapa angeweza kuandika bila ya kusita "the first Zanzibar-born writer to win it", na hapa sijaona kijana akiandika "of winning". Kwa nini? Kwa sababu Kiswahili chake kilimuelekeza sawa. Hilo ndio linalonithibitishia kwamba makosa mengine hayatokani na uvivu.

Mtego wa mwisho ni kwamba sio kila "to" ni ya kitenzi. Ile ya zamani ya kihusishi bado ipo hai inafanya kazi, na hiyo ikifuatwa na kitenzi lazma kiwe na "-ing". Azimio la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la 1948 lina zote mbili ndani yake: kifungu cha 16 kina "the right to marry", hiyo ni ya kitenzi, na kifungu cha 26 kina "the right to education", hiyo ni kihusishi na nomino yake. Nomino "right" inakubali zote. Lakini "objection", "approach", "key" na "dedication" zinataka kihusishi tu, kwa hiyo ni "objection to paying", "dedication to serving guests", na sio "to pay" wala "to serve". Kipimo ni kuweka nomino ya kawaida pale nyuma. "An objection to the tax" inakubali, basi "to" hiyo ni kihusishi, na kitenzi kikija kivae "-ing". "A decision to the tax" haikubali, basi "to" ile ni ya kitenzi. Na ile sentensi ya kufungia barua inayotukosesha sote, "I look forward to hear from you", ni mtego huu huu ingawa hapo mwenye mkia ni kitenzi: unaweza kusema "I look forward to your reply", kwa hiyo lazma iwe "to hearing".

Sasa narudi kwa walimu, kwa heshima zote maana wengi wao wanasomesha madarasa yaliojaa na vitabu vya kugawana. Skuli ya msingi mtoto anasomeshwa zaidi kwa Kiswahili, akifika sekondari masomo mengi yanageuka Kiingereza, na kuanzia hapo vitabu vya sayansi na jiografia vinammiminia "the ability of a body to do work", "the tendency to move", "the process of making", kila ukurasa nomino na mkia wake, na hakuna kipindi hata kimoja alichokaa akaelezwa kwamba mkia huo ni sehemu ya neno. Ananakili ubaoni, mtihani akiuliza aeleze kwa maneno yake inatoka "ability of body of doing work" na maksi zinakwenda, na fizikia pengine kaielewa vizuri tu. Hii inaniuma kusema kweli. Mtoto anaonekana hajui sayansi kumbe alichokosa ni mkia wa nomino ambao angeweza kuonyeshwa ndani ya kipindi kimoja.

Na kuna zile skuli ambazo Kiswahili ndani ya kipindi cha Kiingereza ni kosa la kuadhibiwa. Mimi nasema mwaka 1928 kule Mombasa lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, sisi ndio wenyewe, na watoto wetu wanaingia darasani wakiwa na kauli ya kutendea imekaa sawa kichwani kuliko kanuni yoyote itakayoandikwa ubaoni, halafu tunawaambia waiache nje pamoja na viatu. Mwalimu akigawa ubao sehemu mbili, upande huu "maji ya kunywa" na upande ule "kikombe cha kunywea", akawauliza wenyewe kwanza tofauti iko wapi, watamjibu kwa Kiswahili chao na watamjibu sawa, kisha ndio aandike "water to drink" na "a cup to drink from" kila moja chini ya mwenziwe. Na daftari la msamiati nalo libadilike, asiandike "decision" peke yake na maana yake uamuzi, aandike "decision to" na mfano mmoja chini yake, "habit of" na mfano wake, "interest in" na mfano wake, kama anavoandikishwa vitenzi. Mtihani wa nusu muhula uwe na masuala mawili matatu ya nomino badala ya kurudia "enjoy" na "avoid" kila mwaka, kwa sababu mtoto husoma kile anachojua ataulizwa.